Maduhu Aliyekwisha Kuagwa

Jumapili ile Maduhu aliagwa vizuri kuliko marehemu wengi wa mtaa wa Kambarage. Kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, spika mbili zinazokoroma, na sufuria la pilau lililobebwa na wanaume wawili. Wanajumuiya walimletea zawadi huku wakicheza, hatua mbili mbele moja nyuma, mpaka wimbo ukaisha kabla hawajamfikia na ikabidi urudiwe. Zawadi yenyewe ilikuwa koti zito la mtumba lenye manyoya shingoni, kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Alivalishwa palepale, saa nane mchana, jua la Shinyanga likiwa utosini, na akatakiwa aoneshe kwamba amelipenda kwa kucheza nalo. Alicheza nyimbo mbili nzima. Jasho lilimtiririka usoni, na akina mama wakaambiana kwamba kijana analia, ana moyo wa shukrani.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki, na katika watu wote waliokula pilau lile ni Maduhu peke yake aliyelijua. Kazi yenyewe alikuwa hajaipata.

Tumtendee haki kidogo hapa, maana huko mbele hatutaweza. Hakuwa amemdanganya mtu. Alichomwambia mama yake ni kwamba amefika hatua ya mwisho. Mama yake, Philomena, mshonaji wa sare za shule na katibu wa jumuiya yao ya sala pale mtaani, alielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa: ukifika hatua ya mwisho, hatua zimekwisha. Jumamosi akatangaza kwenye jumuiya, na wiki moja baadaye turubai likasimama.

Na neno la Philomena halikuwa neno la hivi hivi. Alikuwa mjane aliyelea mtoto mmoja kwa cherehani, na mtaani walimjua kwa jambo moja: hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mwenyeji. Ukimuuliza kama ameshiba, na hajashiba, atakwambia hajashiba. Kwenye kumbukumbu za vikao aliandika kila aliyechelewa, na siku aliyochelewa yeye alijiandika wa kwanza. Majirani wakibishana nani alisema nini, walimfuata yeye, na akisema ndivyo, basi ndivyo. Huyo ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema, "Mwanangu anakwenda kufanya kazi Uholanzi." Asipokwenda, jina la mama yake ndilo litakalochafuka, na Maduhu alilijua hilo tangu turubai lilipokuwa linafungwa kamba.

Angeweza kusimama akasema. Alinyanyuka hata. Lakini Mzee Masele, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameshashika kipaza sauti, na mzee akiongea kijana hamkatizi. Mzee Masele aliongea dakika arobaini, akianza na namna Maduhu alivyobatizwa akilia, akaishia na onyo juu ya wanawake wa Kizungu. Alipomaliza, pilau lilikuwa limeshapakuliwa. Maduhu akakaa, akajipa moyo: Alhamisi ana usaili wa mwisho, ataupita, na mambo yatajinyoosha yenyewe bila kumsumbua mtu.

Sababu za kujiamini alikuwa nazo, ingawa si nyingi. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe, ndani ya banda la kutengeneza simu karibu na soko, kwa kutumia kompyuta ambayo mteja aliiacha itengenezwe asirudi tena. Walimu wake walikuwa Wahindi wa kwenye video, ndiyo maana mpaka leo Kiingereza chake kina lafudhi ya nchi ambayo hajawahi kuiona. Programu yake ya kwanza ilikuwa ya mahudhurio ya kwaya. Ilionesha kwamba sauti ya nne yote haijahudhuria tangu Krismasi, wakati sauti ya nne yote ilikuwa imesimama mbele yake inamtazama. Hakukata tamaa. Alirekebisha ile, akaandika nyingine, akaanza kusahihisha makosa madogo madogo kwenye programu ambazo watu wa dunia nzima huziweka wazi mtandaoni wasaidiane. Miaka minne alifanya hivyo bila mtu kumwambia ahsante, mpaka kampuni moja ya mji wa Utrecht, Uholanzi, inayotengeneza programu za kupanga foleni za malori bandarini, ikamwandikia kuuliza kama anatafuta kazi.

Maduhu alisoma ujumbe ule mara tisa, kisha akaufuta akidhani ni matapeli. Wakaandika tena.

Hatua tatu za kwanza za usaili alizipita. Ya nne ikafika Alhamisi ile, saa tisa alasiri. Kwenye kioo cha kompyuta walitokea watu watatu: wasichana wawili wa rika lake, na katikati yao mzee mmoja mwenye nywele nyeupe pee, aitwaye Willem, mkuu wa waandishi wa programu. Willem akaweka mbele yake ukurasa mmoja.

"Hii nimeiandika mimi," akasema. "Inapanga malori getini. Isome, kisha uniambie ina ubaya gani. Usinionee haya."

Maduhu aliliona kosa ndani ya dakika mbili. Programu ilikuwa inalitambua kila lori kwa dakika lililofika. Malori mawili yakifika dakika moja, la pili linafuta la kwanza, na dereva wa watu atakaa getini mpaka ndevu ziote. Lilikuwa kosa la wazi kabisa. Alifungua mdomo aliseme, kisha akaziona zile nywele nyeupe, akawaona na wale wasichana wawili, mmoja ameshika kalamu yuko tayari kuandika.

Huko kwao mambo ya namna hii yana utaratibu wake. Mkubwa akikosea mbele za watu, unatulia. Mnakula, mnaagana, unamsindikiza. Mkifika njia panda, mko wawili tu, ndipo unamwambia kwa upole: mzee, lile jambo la kule ndani, mimi nilikuwa nadhani. Naye mzee anapata nafasi ya kusema kwamba alikuwa analiwaza hilohilo. Hakuna aliyevuliwa nguo, na kesho mnasalimiana vizuri.

"Ni kazi nzuri sana," Maduhu akasema. "Imepangika."

"Hakuna kosa?"

"Mimi ni nani, mzee."

Wakamshukuru, wakaaga. Maduhu alikuwa amejipanga kumsindikiza Bwana Willem, amweleze pembeni. Picha zikapotea, akabaki anatazamana na sura yake mwenyewe kwenye kioo cheusi, na hapo ndipo alipong'amua kwamba mtu wa Utrecht hasindikiziki.

Jibu lilikuja Jumatatu. Walimsifu kwa adabu, wakasema wanatafuta mtu atakayewaambia wanapokosea. Maduhu alilisoma akiwa amekaa kwenye kitanda chake, na upande wa pili wa pazia alimsikia mama yake akifungasha michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba viazi vya Ulaya havina ladha. Safari ilikuwa imeshatangazwa kuwa Ijumaa.

Siku nne alizokuwa nazo za kusema ukweli alizitumia kutafuta saa nzuri ya kuusema. Jumanne mama alikuwa na sare za watu. Jumatano alikuwa na furaha mno. Alhamisi alikuja Mzee Masele kumtakia safari njema, akakaa mpaka jioni. Ijumaa asubuhi wakaenda stendi watu kumi na mmoja, pamoja na ndoo, na Maduhu akapanda basi la Mwanza kwenda kupanda ndege. Alipunga mkono dirishani mpaka wakapotea, na kwa mara ya kwanza tangu aagwe machozi yakamtoka ya kweli. Kwa bahati mbaya hakuna aliyeyaona.

Mwanza alishuka, akaitazama ndege moja ikipaa, akapanda gari la Geita.

Huko Geita, mtaa wa Kalangalala, aliishi mdogo wake mama, Mama mdogo Sesilia, muuza vitenge, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu karibu. Alimfungulia mlango, akaitazama ndoo, akalitazama koti, akakaa chini kwanza.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Ndiyo Uholanzi hii?"

Maduhu akamweleza yote, akamwapisha kwa jina la Mungu na la marehemu bibi kwamba hatamwambia Philomena. Sesilia akaapa, akampa chumba cha uani, kati ya banda la kuku na jiko. Hivyo ndivyo maisha ya ughaibuni yalivyoanza.

Yalikuwa na ugumu wake. Picha hakuweza kutuma, maana kila ukuta wa Geita una vumbi jekundu ambalo mtoto wa darasa la pili analitambua. Kwa hiyo alimtumia mama yake sauti tu, mara mbili kwa wiki, akiwa ameegemea mlango wa uani.

"Mbona nasikia jogoo?" mama aliuliza siku moja.

"Hata huku wapo, mama. Wanafugwa kitaalamu."

"Na hiyo inayonguruma?"

"Treni."

"Haipiti ikaisha?"

"Ni ndefu, mama. Wenzetu wameendelea."

Mama akamwambia avae koti, asije akapata kichomi. Maduhu, akiwa kifua wazi kwenye joto la kuivisha ndizi, alimwahidi kwamba amelivaa. Kila baada ya simu alijichukia kwa muda wa kama saa moja, kisha njaa ikamzuia kuendelea. Ndoo ya michembe iliisha wiki ya tatu.

Ile treni ilikuwa karasha. Nyuma ya nyumba ya Sesilia, ng'ambo ya korongo, mzee mmoja aitwaye Mwigulu alikuwa na mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Wachimbaji walileta mawe yao kwenye viroba, wakapanga foleni, na kila mmoja alikalia kiroba chake kwa sababu ya mambo ya dunia. Foleni iliandikwa kwenye daftari, na daftari liligombewa kila siku. Sesilia, aliyechoka kumwona mtu wa Ulaya akilala mpaka saa nne, alimpeleka kwa Mwigulu akamwambia, "Huyu ni mtaalamu wa foleni."

Maduhu akamwandikia programu. Mwenye kiroba anafika, anaandikishwa, namba inamfuata kwenye simu, anaweza kwenda kunywa chai bila kukalia mawe. Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri, na Maduhu akaanza tena kutembea kama mtu mwenye taaluma. Mzee Mwigulu alimtambulisha kwa wageni kwa kumshika bega.

Asubuhi moja kulikuwa na watu kama arobaini pale. Akasimama dada mmoja, Blessing, mchekechaji aliyetoka Mbeya kutafuta maisha, umri wake labda ishirini na mbili, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa na kiroba kimoja tu. Akaja mpaka mbele ya meza ya Maduhu.

"Kaka, umeniruka."

"Haiwezekani," Maduhu akasema. "Kompyuta hairuki mtu."

"Nimefika saa mbili na dakika kumi, pamoja na huyu baba hapa. Yeye ana namba, mimi sina. Jana ilikuwa hivyohivyo kwa Ndaki. Programu yako ina kosa. Watu wawili wakija pamoja inammeza mmoja."

Alisema hivyo mbele ya watu arobaini na Mzee Mwigulu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuonesha kwamba kamba ya kiatu chako imefunguka. Maduhu akafungua programu yake amwoneshe kwamba amekosea. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Kosa lilikuwepo. Lilikuwa lilelile la Bwana Willem, kila kitu kilitambuliwa kwa dakika kilipofika. Kosa aliloliona kwa mzee wa watu kwa dakika mbili, alikuwa ameliandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, na wiki mbili hakuliona.

Masikio yalimwaka moto. Alisubiri watu wamcheke, na wawili watatu walicheka kweli. Kisha mmoja akauliza, "Sasa zamu ni ya nani?" na Maduhu akajisikia akisema kwa sauti, "Ni kweli. Nimekosea mimi. Zamu ni ya huyu dada." Akamwingiza kwenye foleni, akakaa kulitengeneza lile kosa palepale, na karasha likaendelea kunguruma. Mchana Blessing alimletea karanga kwenye karatasi, akamuuliza kama namba ya kesho anaweza kuichukua mapema. Hakuna aliyekufa. Mzee Mwigulu hakuondoa mkono wake begani.

Hilo ndilo lililomshangaza Maduhu kuliko yote. Miaka ishirini na saba alikuwa anawalinda watu na jambo ambalo, lilipomfika yeye, liliisha kabla ya chai.

Jioni hiyo alimwandikia Willem. Hakuwa na cha kupoteza, kazi ilishakwenda. Hata hivyo asili haifutiki kwa siku moja, na barua ilianza na shikamoo, ambayo aliieleza kwa sentensi nne. Ikauliza hali ya familia. Ikauliza kama mvua zimenyesha. Ikamweleza Willem juu ya desturi ya kusindikiza, njia panda na faida zake. Katika aya ya sita, pembeni, kama mtu anayekohoa, ikataja malori mawili yakifika dakika moja. Mwishoni Maduhu alikiri kwamba kosa hilohilo amelifanya yeye kwenye foleni ya mawe, na kwamba dada mwenye kiroba kimoja ndiye aliyemwambia.

Willem alijibu kesho yake kwa sentensi tano. Wazima, na mvua ipo. Kosa lile halikuwa mtego, lilikuwa lake kweli, na lilikuwa kazini bandarini siku ileile aliyomwonesha. Watahiniwa kumi na tisa walilisoma na hakuna aliyemwambia. Tuongee Jumanne. Anza na aya ya sita.

Jumanne Willem akaweka ukurasa mwingine mbele yake. Maduhu alisimama, maana akiwa amekaa sauti ilikuwa haitoki, akashika ukingo wa meza ya Sesilia kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, hapa umekosea." Aliposema la kwanza, la pili likaja lenyewe. Akasema la tatu. Akasema na la nne, ambalo baadaye iligundulika kwamba halikuwa kosa. Wale wasichana wawili walikuwa wanatabasamu, na Willem ndiye aliyeomba waishie hapo.

Mkataba ulikuja, na baada yake viza, na tarehe ya ndege. Sasa Maduhu alikuwa anakwenda Ulaya kweli, kutoka Ulaya.

Angeweza kupanda gari Geita mpaka Mwanza, akapaa, na hakuna ambaye angejua kitu. Sesilia alimshauri afanye hivyohivyo, na kwa siku mbili Maduhu aliuona ushauri huo kuwa wa busara. Siku ya tatu alipiga simu nyumbani, mama akamuuliza kama amekula. Alikuwa anamdanganya mtu ambaye hajawahi kumdanganya yeye hata kuhusu chumvi kwenye mboga. Akamwomba wakutane Tinde, barabarani, kwenye mgahawa ulio mkabala na kituo cha mafuta. Shinyanga mjini aliogopa kuonekana.

"Umerudi?" mama akauliza.

"Nitakwambia, mama."

Alipofika Tinde kwa gari la Kahama, Philomena alikuwa ameshakaa, chai iko mbele yake haijaguswa. Maduhu akapiga goti, akamsalimu, akaanza. Safari hii hakutafuta saa nzuri. Alisema yote, tangu hatua ya mwisho ambayo alikuwa hajaipita, mpaka treni. Mama yake alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ulikuwa uani kwa Sesilia," akasema alipomaliza. "Karibu na kuku."

"Kakwambia."

"Siku ileile uliyofika, kabla hujanawa miguu. Ulitegemea nini, mwanangu? Yule ni mdogo wangu."

Maduhu akainamisha kichwa. Alikumbuka majogoo wa kitaalamu, akatamani benchi lile limmeze.

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Nikasema wiki hii atasema. Nikasema wiki ijayo." Philomena alikizungusha kikombe. "Na kila Jumamosi watu wananiuliza, Mama Maduhu, mtoto hajambo huko? Nasema hajambo. Wanasema tumwombee. Mimi ndiye ninayesoma nia za sala. Nasimama mbele za watu, mbele ya Mungu, nasema, tumwombee Maduhu aliye nchi ya mbali. Jumamosi kumi na moja. Wewe umenidanganya mimi kwa simu. Mimi nimemdanganya Mungu kwa ajili yako, ana kwa ana."

Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Maduhu alikuwa amekaa miezi mitatu uani akiogopa jina la mama yake lisichafuke, na muda wote huo mwenyewe mama alikuwa analichafua kwa mkono wake, ili mwanawe asiaibike.

"Ndege ni lini?"

"Jumatatu, mama."

"Basi Jumamosi ipo. Utakuja jumuiya, utasema."

"Nitasema. Nitawaambia wewe hukujua lolote."

Philomena akanywa chai yake, iliyokuwa imepoa.

Jumamosi jumuiya ilikutana nyumbani kwa Mzee Masele. Maduhu alipoingia uani, watu walinyanyuka kwa furaha, wakamshika mikono, mmoja akasema kweli Ulaya inang'arisha ngozi. Aliwaacha wakae. Mzee Masele akaanza kumkaribisha, na hotuba ilionesha dalili zote za kuwa ndefu.

"Samahani, mzee, naomba nikukatize," Maduhu akasema.

Mzee Masele, ambaye kwa miaka ishirini ya uenyekiti hakuna kijana aliyewahi kumkatiza, alikaa kwa mshangao tu.

Maduhu akasema. Ilikuwa ngumu kuliko siku ya Willem, maana hawa walimjua tangu hajaota meno. Aliwaambia kwamba siku ile walipomuaga alikuwa hana kazi, na alijua. Kwamba Uholanzi yake ilikuwa Kalangalala. Kwamba wamekula na kucheza na kumwombea bure, na kosa ni lake. Sasa kazi ameipata kweli, anaondoka Jumatatu, na haombi kuagwa. Mtu mmoja nyuma aliguna, mwingine akacheka akaziba mdomo. Maduhu alivumilia. Akafika pale alipokuwa amejiandaa zaidi kuliko pote.

"Mama yangu hakujua chochote," akasema. "Nilimdanganya pamoja nanyi. Naomba asilaumiwe."

Akakaa. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma, wakimtazama Philomena, maskini, mama wa watu. Mambo yalikuwa yameisha vizuri tu.

Philomena akasimama.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Hamkudanganywa na huyu peke yake. Nimewasimamisha hapa Jumamosi kumi na moja mkisali uongo, nikijua. Kitabu cha ukatibu nimekuja nacho, mtampa mwingine."

Akakiweka juu ya meza. Hakukaa. Alisimama pale katika gauni lake la kanisani, mikono imeshuka, akiwatazama watu ambao kwa miaka yote walimfuata kuuliza ukweli ni upi. Maduhu alimtazama mama yake akajua kwamba hata sasa, hata katika kuungama, yeye alikuwa amekuja na uongo mwingine mdogo mfukoni, na mama yake ameukataa mbele za watu, kwa gharama ambayo yeye hatailipa. Yeye Jumatatu anapaa. Mama anabaki na mtaa huu.

Mzee Masele alivua kofia, akaivaa tena, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mwingine mwenye neno.

Maduhu akanyanyuka, akapita katikati ya viti, akaenda akasimama karibu na mama yake, na walisimama hivyo wawili mpaka Mzee Masele alipoanzisha sala.